Mji Mpya, Nambari Thelathini na Moja

Wanauita Mji Mpya.
Una miaka mia mbili na ushei, na bado mpya,
kama bi harusi aliyeitwa bi harusi
hadi akapata vitukuu.
Kuna mtu aliukalia mezani kwa rula na wino
kabla jiwe moja halijapasuliwa:
mtaa huu unyooke, ule uwe sambamba nao,
uwanja huku, uwanja kule, mizani isilale.
Hata ukungu wa Edinburgh ukishuka hapa
hushuka kwa mstari.

Mimi ni fundi madirisha.
Kwa Bwana Hannay, ghorofa ya pili,
dirisha la tatu limekwama tangu Machi.
Angependa alitupe, aweke la plastiki lenye vioo viwili,
maana bili ya gesi inamkausha.
Haruhusiwi. Nyumba imo kwenye orodha.
Hawezi kupaka mlango rangi aitakayo,
kubandua sakafu, kuhamisha ngazi,
wala kubadili kioo hiki chenye mawimbi
kinachomfanya kila mpita njia kule chini
avunjike magoti, aungike, aendelee na safari.

Bi. Dalgleish wa manispaa amekuja na tochi na daftari.
Anaibonyeza mbao kama daktari abonyezavyo tumbo la mtoto:
hapa panauma? Na hapa?
Ananionyesha dirisha la nne, ambalo si dirisha.
Ni jiwe tupu. Lilichongwa fremu, likapakwa weusi,
ili kushoto kusizidiwe na kulia.
Nyuma yake kuna kabati la mifagio.
"Nalo," asema, "linalindwa."

Nacheka. Naye anacheka, kidogo, kwa adabu.
Kisha, angali amepiga magoti,
"Na kwenu? Nyumba yenu ni ya mwaka gani?"

Ya mwaka niliozaliwa, namjibu.
Matofali ya kuchoma, baba alifyatua mwenyewe,
bati la geji thelathini, madirisha mawili mbele,
moja kubwa moja dogo,
kwa sababu fedha iliishia hapo.
Gairo, kando ya barabara kuu.
Barabara ilipotaka kunenepa
walikuja vijana wawili na kopo la rangi nyekundu,
wakachora X, kubwa, kwa mkono usiotetemeka,
nusu ukutani, nusu mlangoni.
Nao walikuwa na orodha.

Haandiki. Kalamu imebaki hewani.

Simwambii kwamba mama alideki sebule asubuhi ile,
tingatinga likinguruma kwa jirani,
akamwambia dereva asubiri pakauke.
Na dereva akasubiri.
Simwambii habari ya mlango,
kwamba aliung'oa mwenyewe kwa nyundo ya kuazima
na leo umefunga banda la mbuzi kwa mjomba Chiduo,
na ile nusu ya X bado ipo,
imeachama kama mdomo wa kinda,
mbuzi huikwangua kwa pembe, haitoki.
Rangi ya serikali ni imara.
Hilo labda ningemwambia.

Nafungua kisanduku ndani ya fremu.
Kamba imeoza. Pande la chuma limelala chini gizani
tangu sijui zama za nani.
Kila dirisha hapa lina uzito wake ukutani:
likipanda hili jepesi, la mwanga,
kuna kitu kizito kinashuka
na wenye nyumba hawajawahi kukiona.
Nafunga kamba mpya, ya pamba, kama sheria itakavyo.
Napaka kingo rangi nyeupe, ile ile ya kwenye waraka.
Nasukuma kwa kidole kimoja.

Linapanda.
Baridi inaingia na mlio wa tramu,
na Bwana Hannay, chumba cha pili, anapaza sauti:
funga, bwana, joto lote linatoka!

Subiri, namwambia.
Subiri kwanza pakauke.